Saini ya Davron

Nianze na uchaguzi wao, maana bila huo hamtamwelewa Sanobar, na mtasema ana wazimu kama alivyosema Vuai wa ofisini kwao.

Mama huyo alitoka katika moja ya zile jamhuri za Asia ya Kati zilizobaki peke yao Warusi walipoondoka. Ni ipi hasa, aliniomba nisiseme, nami nilimpa ahadi, kwa hiyo msinisumbue. Kijijini kwao alikuwa mwalimu, na kule mwalimu hana pa kuukimbilia uchaguzi. Kituo cha kura ni shule, mwenyekiti wa kamati ya kituo ni mwalimu mkuu, na wajumbe ni walimu wake. Sanobar alikuwa katibu wa kamati hiyo miaka kumi na moja, tangu enzi za Warusi mpaka walipopata bendera yao wenyewe.

Kwetu Unguja ukipewa karatasi ya kura unamtafuta unayemtaka, unamwekea alama ya vema, unaondoka. Kwao ni kinyume. Unaingia nyuma ya pazia, unashika kalamu, unawakata wote usiowataka. Anayebaki bila kukatwa ndiye uliyemchagua. Ukiwaacha wawili kura imeharibika, na ukiwakata wote imeharibika vilevile. Aliponieleza nilicheka sana. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo si kura, hiyo ni kufukuzana." Yeye hakucheka.

Siku yenyewe, alisema, ni sikukuu. Spika zinafungwa juu ya mlango wa shule, pilau ya karoti na nyama ya kondoo inapikwa uani, na kijana anayepiga kura kwa mara ya kwanza anapewa zawadi mbele ya watu. Baba mwenye nyumba anakuja na vitambulisho sita mkononi, anatia saini sita, anapewa karatasi sita, na hakuna anayemuuliza mkewe na wanawe wako wapi. Wagonjwa wanapelekewa kisanduku kidogo mpaka kitandani. Wagombea wapo, zaidi ya mmoja, lakini huyo wa pili hata mkewe sijui kama alimpigia.

Kinachowatoa walimu jasho ni orodha. Majina ya mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, yanabandikwa ukutani wiki mbili kabla, na siku ya kura kila aliyefika anatia saini mbele ya jina lake. Sheria yao inasema nusu ya walioandikwa wasipotokea, uchaguzi si uchaguzi, unarudiwa. Na wakubwa wa wilaya hawataki nusu, wanataka watu tisini na kitu katika kila mia. Wanapiga simu saa nne, wanapiga saa sita, wanapiga saa tisa, swali ni lile lile: wamefika wangapi? Sasa wanaume wa kijiji wako Urusi wanabeba matofali, na wengine wamo kwenye orodha ilhali wamekwishazikwa, kwa kuwa jamaa zao hawakwenda kuandikisha kifo. Mbele ya majina hayo pamebaki patupu.

Basi kila ikifika saa tisa alasiri, mwalimu mkuu alifunga mlango wa darasa la jiografia na kumwachia Sanobar orodha na kalamu. Yeye ndiye aliyefaa. Nusu ya kijiji ilijifunza kuandika mkononi mwake. Alimjua mzee ambaye herufi zake zilikuwa zinatetemeka, alimjua mama aliyesahau nukta, alimjua fundi wa mkono wa kushoto. Aliwatilia saini wote, kila mtu kwa mwandiko wake, akakata majina ya wagombea kwenye karatasi zao, akazitumbukiza sandukuni. Mara ya mwisho walikuwa watu arobaini na mmoja.

Huyo wa arobaini na moja alikuwa Davron, mwanawe.

Nilimjua Sanobar mwaka tisini na saba, hapa Guangzhou, China, mtaa wa Sanyuanli. Alikuwa mkalimani katika ofisi ya kusafirisha mizigo ambayo Vuai, kijana wa Makunduchi, alikuwa karani wake. Wateja wa Kirusi walikuwa wa Sanobar, sisi wa kwetu tulikuwa wa Vuai. Mimi nilikuwa nanunua vitambaa soko la Zhongda na kupeleka Darajani, Unguja. Nilitaka chumba, naye alitaka mtu wa kuchangia chumba asiyepika nguruwe. Tukapanga pamoja ghorofa ya tano, jikoni moja, choo kimoja. Kiingereza chake kilikuwa cha kitabuni, changu cha sokoni, na palipotushinda tuliingiza Kichina cha kununulia bidhaa. Tulielewana vizuri tu. Alikuwa mwembamba, mkimya, msafi kupita kiasi, na alikuwa na tabia moja iliyonikera: kila akipakua chakula alipakua sahani tatu.

Wiki ya kwanza nilidhani anamngoja mgeni. Wiki ya pili nilimuuliza. Akasema, "Ni ya Davron, akija." Nikamuuliza Davron yuko wapi. Akasema, "Hajulikani." Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wali uliokuwa ukilala kwenye sahani ile ulikuwa mchele wangu, lakini nilivyomtazama usoni nilifunga mdomo.

Habari nzima nilikuja kuipata kidogo kidogo. Davron alikwenda Siberia kukata magogo akiwa na miaka ishirini. Barua zilikuja mpaka majira ya baridi, kisha zikakatika. Wenzake wawili walirudi na begi lake. Walisema lori lilipita juu ya mto ulioganda, barafu ikapasuka, na waliokuwa nyuma hawakuonekana tena. Baba yake akasoma hitima. Sanobar alikataa kukaa matanga. Alisema hakuna aliyemwona mwanawe amekufa, watu waliona barafu tu. Mumewe alifariki mwaka uliofuata, na Sanobar wala hakumlaumu kwa hitima ile. Ulipofika uchaguzi wa bunge, mwalimu mkuu akamfungia mlango kama kawaida, Sanobar akakuta jina la mwanawe na patupu mbele yake. Akatia saini. Akatia tena kwenye kura ya maoni miezi michache baadaye. Alitumia kalamu ya wino aliyopewa Davron mwenyewe shuleni hapo, siku ya kura yake ya kwanza.

"Ningeacha patupu," aliniambia, "wilaya wangeuliza, na wangeandika marehemu. Nani angewaambia hapana?"

Hapo nilidhani nimejua yote. Kumbe bado wale arobaini.

Siku moja tulikwenda pamoja Zhongda kutafuta kitambaa cha buibui. Kuna njia pale ambayo maduka yote yanauza mapazia, yananing'inia kutoka juu mpaka chini, huku na huku, unapita katikati kama uliye ndani ya kabati la nguo. Sanobar alisimama akakataa kuingia. Nilimvuta mkono, nikamwambia tutazunguka mpaka lini, jua kali. Akasema nyuma ya lile pazia la kijani amesimama mzee Hakim, yule wa mwandiko wa kutetemeka, aliyekufa kabla hata Warusi hawajaondoka. Nilitazama. Niliona miguu ya mwenye duka amevaa kandambili.

"Anakuambia nini?" nilimuuliza, na mpaka leo sijui kwa nini niliuliza.

"Wanachouliza wote," akasema. "Anauliza, umenichagulia nani?"

Nilisoma Ayatul Kursiyyu njia nzima ya kurudi. Tangu siku hiyo na mimi nilianza kuwasikia, nasema kweli. Mchana mweupe, niko peke yangu jikoni, nilisikia mtu anapanda ngazi, anafika ghorofa ya tano, anasimama, hagongi. Nilifungua mlango mara mbili tatu. Hapakuwa na mtu. Nilimwonea Sanobar huruma, na nilimwogopa pia, na nilijichukia kwa kumwogopa. Kila Ijumaa tulikwenda kwenye msikiti ulio karibu na stesheni, penye lile kaburi ambalo watu husema ni la Sahaba, na baada ya sala alibaki makaburini muda mrefu akinong'ona. Nilijua anawajibu. Sikupata kumuuliza anawajibu nini.

Vuai alikuwa akimdhihaki, si mbele yake. "Bi Mwatima," alikuwa akiniambia, "huyo roommate wako anaishi na wapiga kura. Mwambie walipe kodi."

Sasa ndiyo inakuja Ramadhani ya mwaka tisini na tisa. Ilikuwa Desemba, Wachina wanahesabu siku za kurudishiwa Makau na Wareno, bendera nyekundu kila mlango. Kwao Sanobar uchaguzi wa rais ulikuwa umepita mwezi mmoja nyuma. Hakwenda, na hakuulizia. Asubuhi moja niko pale ofisini nagombana na Vuai kuhusu marobota yangu.

"Laoban, bosi wetu, kasema kontena limejaa, Bi Mwatima. Space meiyo, hamna."

"Meiyo yako hiyo mwambie mamaako. Nilibook tangu shabani."

"Mimi karani tu, dada yangu. Usinifunguze saumu."

Tukiwa katika hayo akaingia mama mmoja mnene amefunga kitambaa cha maua kichwani, akamkumbatia Sanobar. Jina lake Mohira, mfanyabiashara, wanatoka mtaa mmoja ingawa yeye anaishi mjini wilayani. Akakaa juu ya robota, akaanza kuongea kwa lugha yao, anacheka, anapiga mapaja. Sanobar alikuwa ameshika utepe wa kufungia mizigo. Nikaona utepe umemdondoka, unabingirika mpaka mlangoni, na yeye haukimbilii.

"Anasema nini?" nikauliza.

Akanigeukia. Sijapata kumwona na uso ule. "Anasema Davron amepiga kura."

Mohira, kwa maelezo niliyotafsiriwa, jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya kijijini, kwa hiyo siku ya kura alikwenda mbio mbio jioni, kituo kinakaribia kufungwa, na vitambulisho vya nyumba yake. Alipokuwa anatia saini aliona mstari wa juu yake kidogo, nyumba ya Mwalimu, jina la Davron lina saini. Aliijua. Herufi ya kwanza ina mkia unaojikunja kulia, kama Davron alivyokuwa akiandika utotoni kwenye kuta za watu. Akasema moyoni, alhamdulillahi, kijana amerudi, akaondoka kuwahi gari la mjini. Hakumuuliza mtu, kwa kuwa hakuona cha kuuliza.

Mohira alipotoka kwenda kuswali, Sanobar alinishika mikono yote miwili.

"Mwatima, safari hii si mimi," akasema. "Mimi niko hapa. Sikutia mimi."

Nilihisi nywele zinasimama. Na mara hiyo hiyo, nakiri, nilifurahi. Nilifurahi mno, machozi yalinitoka. Kwa nini isiwe? Watu wamepotea Urusi miaka kumi wakarudi. Mtu anaweza kutoka mtoni, akaokotwa, akafungwa jela, akasahau njia. Nilijaza mdomo wangu visa vya namna hiyo, nikamwaga vyote mbele yake, kimoja baada ya kingine. Vuai aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake.

"Bi Mwatima, usimfanyie hivyo mtu mzima," akasema taratibu. "Karatasi imetiwa saini. Nani kamwona mtu?"

Nilimjia juu. Nilimwambia maneno ambayo mtu aliyefunga hayasemi. Akarudi kwenye makaratasi yake, na hilo lilinikera kuliko angenijibu.

Jioni ile, tulipofuturu, sahani ya tatu ilijazwa mpaka juu. Sanobar alikuwa anafungasha. Alitaka treni ya kwenda Urumqi, magharibi ya mbali ya China, siku nne hivi njiani, kisha kuvuka mpaka, kisha mabasi kwenye theluji. Alisema atafika kabla ya Idi. Alikuwa anaongea, yeye asiyeongea: Davron anapenda aprikoti kavu, Davron atakuwa na miaka ishirini na sita, pengine ana ndevu. Ndipo nilipotia mkono wangu pasipotakiwa. Nilimwambia, "Kwanza piga simu."

Akaacha kufungasha. Kisha akasema, "Nikipiga simu atakufa."

Hapo ningemwacha. Mtu mwingine angemwacha apande treni yake na furaha yake, siku nne za furaha si haba. Lakini mimi nina langu. Mama yangu alifariki nyumbani Mkunazini, Unguja, mwaka tisini na nane nikiwa hapa hapa, na ndugu zangu, kwa kunihurumia, hawakuniambia mpaka arobaini imepita. Siku arobaini zile nilikuwa namnunulia mama vitambaa. Nilimchagulia kimoja cha zambarau, nikakikunja, nikakiweka chini ya mto ili kisichanganyike na biashara. Sijawasamehe mpaka leo. Kwa hiyo nilimlazimisha. Nilimwambia sitamruhusu apande treni bila kujua anakwenda kumkumbatia nani. Nilisema kwa ukali. Akakubali kama mtoto anayekubali sindano.

Kijijini simu ya wananchi iko posta. Unapiga leo, unamwambia wa posta amwite fulani, unapanga siku na saa, naye anakuja kukaa pale akingoja. Sanobar alimwita Hosiyat, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu pale pale na ndiye aliyeshika ukatibu wa kamati baada yake. Alipangiwa kesho kutwa, saa tano kwao, saa nane mchana kwetu.

Siku mbili zile sitaki kuzikumbuka. Hatua za kwenye ngazi hazikusikika hata mara moja. Sanobar alizitegea sikio, nami nilizitegea pia, tukiwa tumekaa jikoni bila la kufanya. Alisema wale wazee pia wameacha kumjia. Alipita njia ya mapazia Zhongda peke yake na hakuona mtu. Alilichukulia kuwa ishara njema. Mimi niliogopa zaidi.

Duka la simu lilikuwa chini ya jengo letu, vibanda vinne vya mbao na saa ya kuhesabu dakika. Tuliingia kibanda kimoja wote wawili, tumebanana. Alipopata laini alitaja jina, "Hosiyat," kisha akauliza kitu kifupi. Kisha akasikiliza. Sikujua neno hata moja la lugha ile. Nilichofanya ni kuutazama mkono wake ulioshika waya wa simu, anauzungusha kwenye kidole, anauzungusha, mpaka kidole kikawa cheupe. Nilisikia upande wa pili msichana analia. Sanobar hakulia. Alisema maneno mawili matatu kwa sauti ya mwalimu anayemwambia mwanafunzi aketi, akarudisha simu mahali pake.

Aliniambia ngazini, ghorofa ya tatu, alipochoka kupanda.

Saa tisa ya siku ile mwalimu mkuu alimfungia Hosiyat mlango wa darasa la jiografia. Mkononi alikuwa na orodha, na mbele ya jina la Davron patupu. Akamkumbuka mwalimu wake. Alikuwa akimwona siku zote, tangu yuko mjumbe mdogo wa kamati, jinsi anavyolifikia jina lile na kulitilia saini mwisho kabisa, polepole. Akasema moyoni, Mwalimu hayupo, nisipolitia mimi watamwandika marehemu, na siku Mwalimu akirudi hatamkuta mwanawe hata kwenye karatasi. Basi akatia. Alitaka kumfanyia wema.

"Na mkia wa herufi?" nikauliza. "Mohira alisema ni mwandiko wake hasa."

"Hosiyat ana barua za mwanangu," akasema Sanobar. "Saba. Sikujua. Alikuwa anamwandikia yeye kuliko mimi."

Alikaa kwenye ngazi. Nikakaa naye. Nilimwomba msamaha kwa kumlazimisha apige simu, nikalia kwa wote wawili, maana yeye alikuwa mkavu. Alinipigapiga goti. Akaniambia kitu kimoja kuhusu Hosiyat: kabla hajakata simu yule binti alimuuliza swali. Februari kuna uchaguzi wa bunge, orodha inapitiwa upya mwezi ujao. Akauliza, "Mwalimu, safari hii nimwandike nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitatuma barua."

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, nilimkuta mezani na karatasi ambayo sikuwahi kuiona. Ilikuwa nakala ya orodha, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe miaka ile, majina yote aliyoyatilia saini, ameificha chini ya begi la Davron. Alikuwa na rula na ile kalamu ya wino. Akaniomba nikae niitikie amini. Akaanza na mzee Hakim. Alilitamka jina, akamsomea Fatiha, akaweka rula, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Akaenda kwa wa pili. Waliokufa aliwasomea, na waliokwenda Urusi bila kurudi aliwaombea Mungu awafikishe popote walipo, nao akawakata. Hakuharakisha. Ilipita saa nzima na zaidi, na mimi amini yangu ilishakauka mdomoni. Kila jina lilipokatwa nilihisi chumba kinapata nafasi, kama watu wanaoaga mmoja mmoja na kutoka.

Arobaini walikwisha. Akalifikia la Davron, mwisho wa karatasi. Alilitamka. Akamsomea Fatiha, na hapo sauti ikamkatika, na yule mwanamke aliyekataa matanga miaka sita akalia kwa kelele mpaka Mchina wa chini akagonga bomba. Alilia sana. Nilimshika mabega. Alipotulia akachukua kalamu, akaifunga kifuniko chake, akaikunja karatasi mara mbili na kuitia kwenye bahasha pamoja na barua.

Nilifungua mdomo kumwambia, Mwalimu, umemsahau mmoja. Bahati nzuri hasira zangu siku ile zilikuwa zimelala, nikapata muda wa kukumbuka jinsi wanavyopiga kura kwao.

Bahasha niliipeleka mimi mwenyewe posta ya Liuhua, karibu na stesheni. Jioni tulifuturu uji na sambusa, na alipakua sahani mbili.